Banda Lisilo na Mtu

Ngazi zilikuwa tisa, na Mama Dobi alizijua kwa magoti. Tatu za kwanza za kushuka hazikuwa na neno, maana ukuta wa nyumba ulikuwa karibu na bega lilipata pa kuegemea. Kuanzia ya nne hapakuwa na ukuta. Hapo alisimama, akavuta pumzi, akampandisha mumewe vizuri mgongoni na kumwambia, "Shika shingo, ila usinikabe." Na mumewe kila siku alimjibu jibu lile lile: "Nikikukaba nitabebwa na nani?"

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha mpaka kulipokucha. Choo kilikuwa chini, mwisho wa ua, na haja haisubiri ngazi zikauke. Alishuka ya nne, akashuka ya tano. Kwenye ya sita kandambili ya kushoto iliteleza, akaanguka kwa nyuma, na aliyekuwa nyuma yake ni mumewe.

Walifika chini pamoja, yeye juu, mume chini. Akajigeuza haraka, akamshika uso.

"Umeumia?"

"Sijui," akasema mumewe. "Angalia wewe."

Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa hasikii kitu. Mama Dobi akaangalia. Nyonga ya kulia ilikuwa imechunika mpaka nyama, damu ikichanganyika na maji ya mvua, na ile haja iliyokuwa inakimbiziwa chooni ilikuwa imekwisha kutoka. Alimvua na kumwosha hapo hapo chini ya ngazi, kwa ndoo ya maji aliyokuwa ameyateka kwa ajili ya nguo za watu. Juu, kwenye roshani ya jirani, wapangaji wawili walikuwa wanakunywa chai. Mmoja aligeuza kiti akatazama upande mwingine, na kwa hilo Mama Dobi alimshukuru moyoni. Wa pili hakugeuza kiti.

"Ngazi hizi nilizijenga mimi," mumewe akasema, macho mbinguni. "Hakuna iliyozidi nyingine hata kwa unene wa kidole. Ningejua nitakuja kuzishuka mgongoni kwa mtu, ningejenga nyumba shimoni."

Mama Dobi hakucheka. Alijua kwamba kesho hatamweza.

Mumewe aliitwa Timazi. Jina alilopewa na mamaye lilikuwa limesahauliwa na wote isipokuwa mkewe na daftari la kliniki. Timazi ni lile pande la risasi la kuning'inia kwenye uzi ambalo mwashi hupimia ukuta kama umenyooka, na yeye katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuacha ukuta uliopinda. Aliubomoa, hata kama ni wa bure, hata kama mwenye nyumba anamlilia auache.

Alianguka miaka mitatu nyuma kutoka nyumba hiyo hiyo ya jirani yenye roshani. Jukwaa lilikatika akiwa anajenga ghorofa ya tatu. Kwenye ramani iliyopitishwa zilikuwa ghorofa mbili tu, na mtu hawezi kuanguka kutoka ghorofa ambayo haipo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti, kwa maneno ya heshima zaidi. Kwa ripoti hiyo, siku ile hapakuwa na kazi, wala hapakuwa na fundi. Jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenye Ghorofa, alileta godoro moja na pole nyingi. Mwaka uliofuata ghorofa ya tatu ikapata kibali chake, ikapakwa rangi na kupangishwa. Timazi hakupata hata fimbo.

Kwa hiyo baada ya kuanguka kwa pili, kule kwa ngazi ya sita, mume na mke walikubaliana jambo moja: chumba chini. Chumba kimoja tu uani, sawa na ardhi, hatua sita kutoka chooni. Hawakutaka kingine duniani.

Timazi alichora ramani usiku na mchana kwa siku mbili, kwa rula na penseli aliyoichonga kwa kisu. Mama Dobi akaikunja ndani ya khanga na kwenda nayo ofisi ya mipango ya ujenzi. Dirisha la kioo pale lilikuwa na tundu dogo chini kabisa, mtu asiinue sauti wala asisimame wima. Ilimbidi ainame kama anayeokota sindano.

"Nyongeza ya nyumba," akasema. "Chumba kimoja."

Karani, mwanamke mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba, akaifungua ramani. Akaitazama kwa muda.

"Imechorwa vizuri. Muhuri uko wapi?"

"Muhuri gani, mwanangu?"

"Wa msanifu aliyesajiliwa. Na hapa, kutoka ukuta hadi mpaka wa jirani, ni kiasi gani?"

"Nusu mita."

"Sheria ni mita mbili."

"Ua wenyewe upande ule una mita nne na kidogo. Nikiacha mbili huku kwa jirani na mbili kule kwa njia, chumba nakiweka wapi? Kichwani?"

"Swali hilo si la dirisha hili."

"La dirisha gani?"

Karani akaonyesha kwa kalamu. Dirisha lile lilikuwa limefungwa, na juu yake pameegemezwa ufagio.

"Jirani yangu ukuta wake umekaa juu ya mpaka," Mama Dobi akasema. "Hata nusu mita hana. Maji ya paa lake yananimwagikia kwenye nguo za watu."

"Huyo ana kibali."

"Alikipataje?"

"Mama, kuna watu nyuma yako."

Akakunja ramani taratibu, kona kwa kona, maana asingetaka imrudie Timazi ikiwa imekunjamana. Labda ni ule ukunjaji ulioingia moyoni mwa karani, kwani aliinama mpaka miwani ikagusa kioo, akashusha sauti.

"Sikiliza mama yangu. Usiombe chumba. Weka banda la bustani. Banda halitaki ramani, halitaki mita mbili. Unasaini tamko tu." Akasukuma karatasi kupitia lile tundu. "Mimi sijakwambia kitu."

Masharti yalikuwa upande wa nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Timazi aliyasoma kwa sauti jioni ile. Banda lisizidi mita tatu kwa mbili na nusu. Lisiwe na umeme. Lisiwe na dirisha, ila matundu mawili ya hewa, kila moja lisizidi ukubwa wa tofali moja. Mlango ufungukie nje na ufungwe kwa nje. Ndani kusiwe na kitasa wala komeo.

"Kwa nini ndani kusiwe na komeo?" Mama Dobi akauliza.

"Majembe hayajifungii," Timazi akamjibu, akaendelea kusoma. Sharti la mwisho lilisema banda litunze zana za bustani, na kwamba humo kusilale, kusiishi, wala kusihifadhiwe mtu.

"Na bustani tunayo?" mke akauliza tena.

Wakatazamana, halafu kwa mara ya kwanza tangu ngazi ya sita wakacheka mpaka machozi. Kesho yake Mama Dobi alipanda miche minane ya nyanya kwenye makopo ya rangi, akayapanga mstari ukutani. Akasaini tamko.

Aliyekuja kujenga ni Kokoto. Alianza kazi kwa Timazi miaka mingi nyuma akiwa mbeba zege, sasa alikuwa fundi kamili, mtu wa makamo mwenye kitambi na deni la ada za shule, na bado alimwita Timazi mwalimu. Hakutaka malipo. Timazi aliketi kwenye kiti katikati ya ua, uzi wa timazi mkononi, akitoa amri kama zamani.

Siku ya pili Kokoto akaweka mwiko chini.

"Mwalimu, nina neno. Hili banda tulipinde kidogo."

"Tulifanye nini?"

"Tulipinde. Mabanda yote ya mji huu yamepinda. Bati limekaa upande, mlango unakwaruza chini, tofali limetoka ulimi. Mkaguzi akiona hivyo anapita zake. Akiona ukuta umenyooka kama wa benki atajiuliza nani analala humo."

"Pinda kwako."

"Mwalimu..."

"Kokoto, mimi wamenikata miguu. Mikono hawajaikata. Nijenge nyumba ya kulala mwenyewe, ya mwisho pengine, halafu niipinde ili nimfurahishe nani? Rudisha uzi!"

Kokoto akamtazama Mama Dobi amsaidie. Mama Dobi alikuwa anasuuza shuka, akainamisha kichwa kwenye beseni. Alijua Kokoto ana haki. Lakini alikuwa hajamsikia mumewe akifoka hivyo kwa miaka mitatu, na ile sauti ilikuwa tamu kwake kuliko tahadhari. Akanyamaza, na kunyamaza huko alikuja kukujutia.

Banda likanyooka. Timazi aliamuru mchanga uchekechwe mara mbili na saruji isibaniwe. Mlango aliutengeneza mwenyewe akiwa amekaa chini, mbao ngumu, bawaba tatu badala ya mbili, na ulipofungwa hata wembe haukupita pembeni. Kwa nje akaweka pete mbili nene za kufuli, kama sharti lilivyotaka. Kwa ndani akafunga kamba fupi, ya kuuvutia.

Kisha Kokoto akampa zawadi: ubao wenye magurudumu manne ya beringi. Siku ya kwanza Mama Dobi alikuwa kwenye beseni, akasikia mlio wa chuma juu ya udongo, krr, krr, krr. Akageuka. Timazi alikuwa anajisukuma kwa mikono miwili kwenda chooni, peke yake, hatua zile sita. Aliingia, akakaa, akatoka, akarudi akipiga mluzi. Alipofika mlangoni akashuka kwenye ubao, akauacha nje kama mtu anavyoacha viatu, akajivuta ndani kwenye godoro.

Mama Dobi alizamisha uso kwenye shuka mbichi za mteja akalia kwa furaha. Mgongo wake ulianza kunyooka wiki ile. Nyanya zikatoa maua.

Mwenye Ghorofa alikuwa ameutaka ua ule mara mbili, awape wapangaji wake pa kuegesha magari, na mara mbili akajibiwa hauuzwi. Banda lilipoezekwa alikuja kwenye roshani, akalitazama kwa muda mrefu, mikono kwenye mifuko.

"Mmejenga kitu kizuri," akasema kutoka juu.

"Banda tu la zana, jirani," Mama Dobi akajibu.

"Eh. Kizuri sana."

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya ukaguzi, yenye siku na saa. Hiyo barua ilikuwa rehema, maana waliweza kujitayarisha. Godoro likapandishwa nyumbani, Timazi akawekwa kwenye kiti chini ya kamba ya nguo, majembe mawili ya kuazima yakatundikwa ukutani. Mkaguzi alifika na futi yake ya chuma kiunoni. Kwa ile futi watu walimwita Bwana Mita. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiyewahi kumtukana mtu.

Alipima urefu, akapima upana, akaweka futi kwenye matundu ya hewa. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akapitisha kiganja ukutani.

"Nani kajenga?"

"Fundi tu," akasema Mama Dobi.

"Fundi tu." Akafumba jicho moja, akatazama kona kutoka chini hadi juu. "Mama, mimi nakagua nyumba za watu wakubwa. Sijaona kona kama hii. Na majembe mawili yakae kwenye jumba hili? Hata mimi ningelala humu."

Kwenye kiti chini ya kamba, Timazi alitabasamu. Hakuweza kujizuia. Mama Dobi akamwona, na Bwana Mita akamwona pia.

"Malalamiko yapo," Bwana Mita akasema. "Nami siwezi kuyafumbia macho. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Msumeno nimeushika miaka mingi, bwana mkubwa," Timazi akasema kutoka kwenye kiti. "Haukati peke yake. Unakata unapovutwa."

Bwana Mita alikuja akampa mkono. Akaitazama ile miguu myembamba ndani ya suruali, akautazama mlango wa choo, akaupima kwa macho umbali uliokuwepo. Alielewa yote, Mama Dobi aliona kabisa kwamba ameelewa.

"Nitaandika kwamba sikukuta mtu," akasema. Na akiwa anatoka: "Mama, wewe si dobi? Nina mashati yangu ya kazi. Nyumbani hawajui kunyoosha kola."

Tangu siku ile mashati ya Bwana Mita yalikuja kila Jumatatu na kuondoka kila Ijumaa, meupe, na neno malipo halikutajwa. Mama Dobi aliyafua kwa maji ya kwanza, yaliyo safi kabisa. Aliona ndiyo kodi ya kile chumba, akaona ni nafuu.

Mwezi mmoja na nusu ulipita hivyo. Halafu wakaja bila barua.

Ilikuwa mchana wa Jumatano, jua la utosi. Mama Dobi alikuwa anaanika. Timazi alikuwa ndani, amelala kidogo. Lango likasukumwa, akaingia Bwana Mita na nyuma yake wanaume wanne wa ofisi, wawili wana nyundo kubwa, wawili wana mitaimbo.

"Karibuni wageni!" Mama Dobi akapaza sauti, kwani hayo ndiyo maneno waliyokuwa wamepatana. Nyuma yake akasikia kamba ikivutwa na mlango ukijifunga taratibu. Haukukwaruza popote. Ulikuwa mlango mzuri.

Nje, kando ya kizingiti, ubao wa magurudumu ulikuwa umebaki.

Bwana Mita hakumtazama usoni. Alifungua jalada.

"Mama, leo nimetumwa. Ningetaka kukuletea barua, sikupewa nafasi. Jirani ameniruka, amekwenda kwa wakubwa wangu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. "Sikiliza vizuri, nisikukoseshe. Kama humu kuna mtu, ni makazi bila kibali. Linavunjwa sasa hivi, hawa ndio wavunjaji, na wewe uliyesaini tamko unakwenda kujibu. Kama humu hamna mtu, ni banda lenye malalamiko. Linafungwa kwa muhuri siku kumi na nne, mpaka kamati ikae. Kamati inaweza kuliacha."

"Bwana, we unajua..."

"Mimi sijui kitu. Nakuuliza wewe. Humu kuna mtu?"

Bwana Mita alikuwa amesimama mbele ya mlango, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeufungua. Hakuunyoosha. Mmoja wa wale wenye nyundo alikuwa ameanza kutafuna ukucha wake, anatazama ubao wenye magurudumu.

Mama Dobi alifungua kinywa. Aliziona ngazi tisa nyuma ya kichwa cha Bwana Mita. Aliiona ya sita. Akaona kifusi pale palipokuwa na ukuta, na magari ya wapangaji juu ya kifusi. Kisha akamwona mumewe gizani mle kwenye joto la bati, anasubiri mkewe aseme neno. Hakuna lililotoka. Kama angepewa msumeno akate mkono mmojawapo, angejua zaidi la kufanya.

"Mama?"

Ndipo sauti ikatoka ndani, nzito, ya mtu aliyezoea kuamrisha mafundi.

"Hamna mtu!"

Mtu wa nyundo aliguna kama anayetaka kucheka, halafu hakucheka. Kwenye roshani kikombe kiligonga sahani.

Bwana Mita akaandika. Aliandika polepole, na alipomaliza akageuza karatasi ili Mama Dobi aone. *Jengo: banda la bustani. Hali: tupu.*

"Saini hapa."

"Nikisaini mnamfungia."

"Namfungia nani, mama?"

Kalamu ilikuwa ya kufungwa kwa uzi kwenye jalada. Akasaini. Bwana Mita akausogeza ubao wa magurudumu kando kwa ncha ya kiatu, bila nguvu, ili mlango ukae sawa. Akapitisha kufuli la ofisi kwenye zile pete nene, akabandika juu yake karatasi yenye muhuri mwekundu. Akaeleza, kwa sababu kazi yake ilimtaka aeleze, kwamba atakayechana karatasi ile atakuwa amevunja muhuri wa mamlaka, na banda litabomolewa siku hiyo hiyo pasipo kamati.

Langoni akakumbuka kitu, akageuka.

"Mashati yangu Ijumaa yatakuwa tayari?"

"Yatakuwa tayari," akasema Mama Dobi. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

Kokoto alikuja mbio, kitambi kikimtangulia, nyundo na tindo mfukoni. Alizunguka banda mara mbili. Akapiga magoti kwenye tundu la hewa la nyuma, lile la upande wa makopo ya nyanya.

"Mwalimu!"

"Nipo. Ila usimwambie mtu." Ndani akacheka kidogo. "Kuna joto humu, Kokoto. Hili bati tungeliwekea dari."

Kikombe cha maji kilipita kwenye tundu. Mkate ulipita, sahani haikupita, wakampa kidogo kidogo kwenye kiganja. Kisha Mama Dobi akaleta kopo, lile la kujisaidia walilokuwa wanalitumia zamani siku ambazo mgongo wake uligoma. Akalielekeza hivi, akaliegemeza hivi. Kopo lilikuwa pana kuliko tundu.

Kokoto akatoa tindo.

"Tofali moja tu, mwalimu. Hili la chini. Nalitoa, siku ya kumi na nne nalirudisha, napaka, hata Mungu hajui."

"Wewe rangi ya saruji mbichi huijui? Tundu lisizidi tofali moja. Yule mtu akija anapima tena. Akikuta mawili, limekwenda."

"Basi nivunje ukuta wa nyuma, nikutoe!"

"Unipeleke wapi? Juu?"

Kokoto aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulijibu kwa sauti kavu, kama unavyojibu ukuta uliojengwa kwa mchanga uliochekechwa mara mbili. Akaegemeza paji la uso hapo.

"Mwalimu," akasema, "tungelipinda."

Kokoto alikwenda kutafuta mtu anayemjua mtu mwenye shemeji yake kwenye kamati. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa, na kazi ya watu ni kazi ya watu. Mama Dobi akabeba meza ya kupigia pasi, akaiweka nyuma ya banda, karibu na tundu, wapate kuzungumza. Akatia makaa kwenye pasi, akapepea. Alianza na shuka, akafuata foronya. Timazi alikuwa anamtania kupitia tundu. Alisema mpangaji wa banda ana malalamiko, chumba hakina maji. Alisema akitoka hapa ataomba kazi ya ujembe, maana ameshapata uzoefu. Mama Dobi alimjibu kwa kila neno, na machozi yalimtoka na kudondokea foronya, akayapigia pasi humo humo.

Halafu Mama Dobi alimsikia Timazi akijivuta sakafuni, akikoma, akijivuta tena, kama anayetafuta kona katika chumba kisicho na kona ya kujificha. Aliinua pasi, akasikiliza.

"Mke wangu," sauti ikasema, ndogo, siyo ile ya kuamrisha mafundi.

"Bee."

"Sogea mbali kidogo na tundu."

Akaelewa: haja haisubiri siku kumi na nne. Hakusogea. Alisimama pale pale, na mkono wake, ambao ulikuwa umeshafika kwenye mashati ya Bwana Mita, ukaishusha pasi katikati ya mgongo wa shati la kwanza na kubaki juu yake. Moshi mwembamba ukaanza kutoka pembeni ya chuma, wa rangi ya kahawia.

"Nini kinaungua?" Timazi akauliza kutoka ndani.

"Hamna kitu."

Alipoinua pasi, alama ilikuwa nzima, yenye ncha yake na kisigino chake. Akafunga vifungo vyote, akanyoosha kola mpaka ikasimama, akalikunja shati vizuri, palipoungua pakae ndani. Akalichukua la pili.